Undugu wa Injini

Viumbe wenye damu hutambulikana ukoo wao kwa sura, kwa sauti, na pengine kwa mwendo. Vyuma havina damu, lakini vina ukoo. Kuna injini zilizo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kuna zilizo binamu. Na kuna zinazofanana kwa sura tu, kama wageni wawili waliokutana njiani wakadhaniwa kuwa jamaa. Mtu asiyejua tofauti hiyo aweza kupoteza fedha zake, na wakati mwingine kuhatarisha maisha ya wenzake. Insha hii yaeleza historia ya undugu huo, hasa katika injini za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na jinsi ulivyowafaa na kuwadhuru watu wa nchi zetu.

Tuanze mahali tunapopajua. Soko la Daraja Mbili, katika mji wa Kisii, ni mahali ambapo mazao ya vilima vya Gusii hukutana. Ndizi, mboga, maparachichi na viazi vitamu huletwa kutoka vijiji vya Kisii na Nyamira, na nguo na vyombo huja kutoka miji ya mbali. Reli haikufika Kisii. Mji umekaa juu ya vilima, kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake hupanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Kwa hiyo, isipokuwa mzigo uliobebwa kichwani au mgongoni mwa punda, kila kinacholiwa na kuvaliwa hapo kimefikishwa kwa nguvu za injini. Injini ikifa mlimani, ndizi huiva zikaoza, na mama aliyezitegemea kwa karo ya mtoto wake hurudi nyumbani mikono mitupu.

Injini ikivunjika, kiwanda kilichoitengeneza aghalabu kiko Japani au Ulaya, na pengine kimekwisha kufungwa. Kipuri kipya kina bei kubwa, au hakipatikani. Ndipo fundi wa jua kali, akiwa amejipaka grisi hadi viwikoni, humwuliza mwenye gari swali ambalo ndilo kiini cha insha hii. Hamwulizi kwanza, "Mzee, una fedha ngapi?" Humwuliza, "Mzee, injini hii ni ndugu ya ipi?"

Swali hilo lisingeweza kuulizwa katika zama za kale, kwa maana kila chombo kilikuwa peke yake duniani. Wahunzi wa Abagusii, waliosifika kwa kufua chuma, walitengeneza kila jembe kwa jicho na mkono. Mpini ulipovunjika, mwingine ulichongwa kwa kujaribiwa katika jembe lile lile mpaka ukakaa. Wachongaji wa Tabaka, wanaochonga mawe laini hata sasa, hawatoi vinyago viwili vilivyo sawasawa kabisa, na hiyo ni sehemu ya uzuri wa kazi yao. Lakini jambo lililo pambo katika kinyago huwa ni aibu katika mashine. Pistoni iliyo pana kuliko mwenzake kwa unene wa unywele yaweza kukwama ndani ya silinda na kuiua injini nzima.

Wazo la kutengeneza vipande vinavyoweza kubadilishana mahali lilianza katika silaha. Mwaka 1785, huko Ufaransa, fundi aitwaye Honoré Blanc alimwonyesha Thomas Jefferson, balozi wa Marekani, vipande vya mitambo ya kufyatulia bunduki. Jefferson alijiokotea mwenyewe vipande kutoka katika mafungu, akaviunganisha, navyo vikakubaliana bila kupigwa tupa. Jambo hilo lilimshangaza, akawaandikia wenzake kwao. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya wazo hilo kushika mizizi katika motokaa.

Mwaka 1908, katika uwanja wa mashindano wa Brooklands nchini Uingereza, motokaa tatu za Cadillac kutoka Marekani zilifunguliwa hata hazikubaki ila rundo la vyuma. Vipande vya zote tatu vilichanganywa. Vipande 89 viliondolewa katika rundo na mahali pake vikatiwa vingine vilivyotoka ghalani. Kisha mafundi waliambiwa waziunde upya, wakitumia spana na bisibisi tu. Waliziunda, zikawaka, na zikaendeshwa maili 500. Watazamaji wa Ulaya, waliozoea kuona kila motokaa ikisuguliwa kwa tupa mpaka vipande vyake vikubaliane, hawakuwa na la kusema. Motokaa hizo zilikuwa na silinda moja moja tu. Lakini kanuni iliyothibitishwa siku ile ilikuwa kubwa kuliko motokaa zenyewe. Kanuni hiyo ni kwamba kipande hakitengenezwi kwa ajili ya motokaa fulani, bali kwa ajili ya kipimo fulani. Chochote kinachotii kipimo kile kitakipokea.

Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza: kipande cha motokaa moja kuingia katika pacha wake. Hatua ya pili ilikuwa ngumu zaidi na yenye faida zaidi: kipande kuingia katika ndugu mkubwa au ndugu mdogo. Ili tuielewe hatua hiyo, yatupasa kuitazama injini yenyewe.

Ndani ya kila silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni hushikwa na konrodi, nayo konrodi hushikamana na krenki, yaani mhimili uliopindapinda ambao hugeuza mwendo wa kupanda na kushuka ukawa mwendo wa kuzunguka. Upana wa silinda, na urefu wa safari ya pistoni kutoka chini hadi juu, ndivyo vipimo viwili vinavyotaja kimo cha injini, kama vile urefu na uzito vinavyomtaja mtu. Katika injini ya silinda sita za mstari mmoja, mapindo ya krenki yamepangwa kwa pembe za digrii 120, hata pistoni mbili zinapofika juu, nyingine nne ziko njiani. Misukosuko ya moja hutulizwa na ya nyingine. Ndiyo sababu injini hizo huzunguka kwa utulivu, na ndiyo sababu zilipendwa kwa malori na magari ya safari ndefu. Moto huwashwa kwa zamu, kwa kawaida silinda ya 1, kisha 5, kisha 3, kisha 6, kisha 2, kisha 4, na fundi wa Kisii huijua zamu hiyo kwa moyo kama vile mwanafunzi ajuavyo jedwali la kuzidisha.

Basi mwenye kiwanda hutafakari hivi. Mashine za kutengenezea pistoni moja zina gharama kubwa. Akiwa na pistoni nzuri ya injini ya silinda nne, kwa nini asiweke sita za namna ile ile katika mstari mmoja, akapata injini kubwa zaidi? Hivyo huzaliwa jamaa ya injini: mdogo, wa kati na mkubwa, wenye pistoni moja, au konrodi moja, au silinda hedi moja. Mwenye kiwanda alifanya hivyo ili kupunguza gharama zake. Hakumfikiria fundi wa Daraja Mbili. Lakini faida ya undugu ule ilimfikia fundi huyo, kama mvua iliyonyeshewa shamba la tajiri ikamfikia na jirani yake maskini.

Jamaa moja iliyoenea mbali sana ilianza Marekani mwaka 1929, Chevrolet ilipotoa injini ya silinda sita ya kiasi cha lita 3.2, iliyouzwa kwa bei ya kushindana na motokaa za silinda nne. Kampuni mama yake, General Motors, ilikuwa imekwisha kuinunua Vauxhall ya Uingereza mwaka 1925. Mwaka 1931 Vauxhall ilianza kutoa malori yaliyoitwa Bedford, na injini yao ya silinda sita ilitokana na ile ya Chevrolet, ikiwa imerekebishwa. Wazee wengi wa Afrika Mashariki waliliona lori la Bedford kabla ya kuona lori jingine lolote. Lilibeba kahawa, chai, mahindi, na watu, pengine vyote kwa pamoja.

Tawi la pili la jamaa hiyo lilichipuka Japani. General Motors ilikuwa ikiunda Chevrolet mjini Osaka tangu mwaka 1927, hata vipuri vyake vikajulikana katika maduka ya nchi ile. Mwaka 1933 kiwanda cha Toyoda, kilichokuwa kikitengeneza mashine za kufumia nguo, kilifungua idara ya motokaa chini ya Kiichiro Toyoda. Wahandisi wake walinunua Chevrolet, wakaifungua, wakapima kila kipande na kukichora. Injini yao ya kwanza ilikamilika mwaka 1934, nayo ilikuwa na silinda sita za mstari mmoja na ujazo wa sentimita 3,389, sawasawa na Chevrolet ya wakati ule. Kuiga sura hakukuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa kuusubu mwili wa injini, na vyuma vingi vya kwanza vilitupwa. Waliamua kufuata vipimo vya Chevrolet kwa sababu iliyo wazi: mtu atakayenunua motokaa ya Kijapani isiyojulikana atauliza, "Ikivunjika nitapata wapi vipuri?" Nao walitaka kumjibu, "Katika duka lile lile unaloliona kila siku."

Msomaji na atue hapa afikiri. Kampuni ambayo leo magari yake yamejaa katika barabara za Kisii ilianza kwa kuazima undugu. Ilijiingiza katika ukoo wa mwingine kwa njia ya vipimo, ili mteja asiogope.

Walakini undugu haudumu kwa jina tu. Baada ya vita, Toyota ilitengeneza gari la milimani mwaka 1951, likapewa jina la Land Cruiser mwaka 1954, na injini yake mashuhuri iliitwa F. Kwa mtindo iliwafuata wazee wake wa Marekani, lakini silinda yake ilikuwa na upana wa milimeta 90 na safari ya pistoni ya milimeta 101.6, wakati Chevrolet iliyokaribiana nayo kwa ukubwa ilikuwa na upana wa milimeta 90.5 na safari ya milimeta 100. Mtu akizitazama kwa macho ataapa kuwa ni mapacha. Akizipima ataona kwamba nyumba zimekwisha kugawanyika. Nusu milimeta yatosha kuvunja udugu wa pistoni.

Jamaa nyingine iliingia katika historia ya Afrika Mashariki kwa vumbi na matope. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na yalijulikana ulimwenguni kwa kuyaua magari. Kampuni ya Nissan, iliyouza magari yake kwa jina la Datsun, ilikuwa na jamaa ya injini zilizoitwa kwa herufi L. Mmoja wao, L16, alikuwa na silinda nne. Ndugu yake, L24, alikuwa na silinda sita za mstari mmoja. Upana wa silinda ulikuwa milimeta 83 kwa wote wawili, na safari ya pistoni milimeta 73.7 kwa wote wawili. Kila silinda ilikuwa na ujazo wa sentimita 399 hivi. Zidisha kwa nne, utapata injini ya sentimita 1,595. Zidisha kwa sita, utapata ya sentimita 2,393. Konrodi zao zilikuwa na urefu mmoja. Hakika hao walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, walishinda Safari katika Datsun 1600SSS yenye ile injini ya silinda nne. Mwaka 1971 watu hao hao wawili walishinda tena, safari hii katika Datsun 240Z yenye ile ya silinda sita. Mwaka 1973 likatokea jambo la ajabu zaidi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews katika 240Z, alimaliza akiwa sawa kwa alama na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun ya silinda nne ya jamaa hiyo hiyo. Ndugu mkubwa na ndugu mdogo walifika mlangoni pamoja. Mehta alipewa ushindi kwa kuwa alikuwa ameendelea mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya adhabu.

Ushindi huo uliwafanya watu wengi wa nchi zetu waziamini Datsun, na magari hayo yakawa mengi mijini na vijijini. Hapo ndipo elimu ya undugu ilipohitajika zaidi, kwa sababu jamaa ya L iliendelea kukua. Alizaliwa L26, kisha L28, wote wa silinda sita. L28 alikuwa na silinda za upana wa milimeta 86 na safari ya pistoni ya milimeta 79. Kwa nje ni vigumu kumtofautisha na L24. Mwili wake una kimo kile kile, na krenki ya mmoja hukaa vizuri katika kiti cha mwenzake. Basi je, krenki ya L28 yaweza kutiwa katika L24 ili kuongeza nguvu?

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo hakimu asiyepokea rushwa. Kutoka katikati ya krenki hadi uso wa juu wa mwili wa injini ni milimeta 207.85. Katika nafasi hiyo lazima vienee vitu vitatu: nusu ya safari ya pistoni, urefu wa konrodi, na kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini yake hadi utosini. Katika L24 twapata 36.85, na 133, na 38.1; jumla yake ni 207.95. Pistoni hufika juu ikachungulia kwa sehemu ya kumi ya milimeta tu, nayo gasketi ina unene unaozidi hapo, hivyo hapana hatari. Katika L28 safari imeongezeka; kwa hiyo wahandisi walifupisha konrodi. Twapata 39.5, na 130.2, na 38.1; jumla yake ni 207.8. Nyumba ni ile ile na wenyeji wamebadilika, lakini hesabu haikuvunjwa.

Sasa fundi asiyejua na aje, achukue krenki ya L28 na kuacha konrodi za L24. Atapata 39.5, na 133, na 38.1, jumla 210.6. Pistoni itapanda na kupita uso wa mwili kwa milimeta 2.75, nayo gasketi ina unene wa milimeta moja na kidogo. Chuma kitagonga chuma. Akifanya kinyume chake, yaani krenki ya L24 na konrodi za L28, pistoni itabaki chini kwa milimeta 2.7, injini itazunguka, itawaka, lakini itakuwa dhaifu kama mtu aliyetoka hospitali, na hakuna atakayejua sababu. Aliye na maarifa atachukua krenki pamoja na konrodi zake, na kazi itakamilika. Vipande vilevile, mikono ileile. Kinachotofautiana ni hesabu ya dakika tano.

Kuna na hali ya tatu, iliyo ya hila zaidi. Silinda hedi ya L24 hukubali kufungwa juu ya L28, kwa kuwa matundu ya bolti yanalingana. Lakini chumba chake cha moto ni kidogo zaidi. Hewa na petroli hubanwa kupita kiasi kilichokusudiwa, na kwa petroli hafifu injini hugonga, hasa ikipanda mlima na mzigo. Kwa wakimbizaji magari jambo hilo ni sifa, nao hujua petroli ya kutumia. Kwa mfanyabiashara anayepanda kutoka Kisii kwenda Keroka akiwa na magunia, ni maradhi ya polepole.

Kwa hiyo twaweza kugawanya vipuri katika makundi matatu. Kuna kinachoingia na kufaa: hicho ni ndugu wa kweli. Kuna kinachokataa kuingia: hicho ni mgeni mwaminifu, kwa sababu hukataa mbele ya macho yako, nawe wapoteza saa moja tu. Na kuna kinachoingia lakini hakifai: hicho ndicho cha kuogopwa. Kuingia si kufaa. Mnunuzi wa viatu vya mitumba hujua kwamba kiatu kinachoingia mguuni dukani chaweza kumlemaza kabla hajafika nyumbani. Lakini kiatu huumiza mguu mmoja, na injini iliyokosewa yaweza kuzima ghafula katikati ya mteremko, breki zikapoteza msaada wake, watu wakiwa ndani.

Mfano wa mwisho wa jambo hili umo katika Land Cruiser. Injini yake ya petroli iitwayo 2F, iliyofuata baada ya F, ilikuwa na silinda sita za upana wa milimeta 94. Mwaka 1990 Toyota ilianza kutoa injini ya dizeli iitwayo 1HZ, nayo ina silinda sita za mstari mmoja zenye upana wa milimeta 94 kamili. Jina la kampuni ni moja, hesabu ya silinda ni moja, upana ni mmoja. Je, si ndugu? Sivyo hata kidogo. Ya petroli hubana hewa yake chini ya mara 9; ya dizeli huibana zaidi ya mara 20, kwa maana dizeli huwashwa na joto la kubanwa wala haina cheche. Pistoni ya moja katika nyingine ni kifo cha injini. Ndugu halisi wa 1HZ ni injini iitwayo 1PZ, ambayo haina silinda sita bali tano. Upana wake ni milimeta 94, na safari ya pistoni ni milimeta 100, kama ya 1HZ. Tano mara sentimita 694 ni 3,470. Sita mara 694 ni 4,164. Na huo ndio ujazo wa injini hizo mbili. Mtazamaji angewaita wageni wale walio ndugu, na kuwaita ndugu wale walio wageni. Injini ya 1HZ imeendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 30, nayo imewabeba askari, wagonjwa na watalii katika Afrika Mashariki yote. Mwenye kuitunza hapati shida ya kipuri, kwa sababu kiwanda hakikubadili vipimo vyake vikuu kila msimu.

Kwa nini elimu hii ilikua sana chini ya jua kali, wala si katika maduka yenye vioo? Sababu ni upungufu. Bei ya mafuta ilipanda ghafula mwaka 1973, na fedha za kigeni zikawa adimu. Kuagiza vitu kutoka ng'ambo kulihitaji leseni, na leseni haikumfikia kila mtu. Viwanda vya kuunganisha magari vilianzishwa Kenya katika miaka ya 1970, huko Thika, Nairobi na Mombasa, lakini aina za magari zilikuwa nyingi na wanunuzi wachache, hata kila aina ikawa na vipuri vichache. Katika hali hiyo gari lililokufa halikuzikwa. Liligawanywa kama ng'ombe wa karamu, kila kiungo kikapata mahali pake. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilikuwa imekwisha kuwaambia wakubwa kwamba kazi za watu hawa wadogo zilikuwa na thamani, wala hazikustahili kufukuzwa. Masharti mengi ya kuagiza yalipoondolewa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yaliingia kwa wingi, na pamoja nayo zikaja jamaa mpya za injini. Upungufu wa vyuma ulipungua, lakini haja ya kujua ukoo wao ikazidi.

Ni haki kumsifu fundi wa jua kali, bali si haki kumsifu kwa jambo asilolifanya. Wapo wasemao kwamba fundi wetu aweza kufanya chuma chochote kiingie popote. Hiyo ni sifa ya hatari. Nyundo na tupa vyaweza kulazimisha, lakini kilicholazimishwa hulipiza kisasi barabarani. Ubora wa fundi wa kweli ni kutambua ahadi iliyofichwa ndani ya chuma. Maana kipimo kinachotunzwa ni ahadi. Mhandisi aliyeamua kwamba silinda itabaki na upana wa milimeta 83 katika injini ndogo na kubwa, alitoa ahadi kwa mtu asiyemjua, wa nchi asiyoiona, katika mwaka ambao yeye mwenyewe huenda hayupo. Fundi anayepima kabla ya kufunga huidai ahadi hiyo na kulipwa. Anayekisia kwa macho hudai ahadi ambayo haikutolewa.

Nchi yetu nayo ilijaribu kutoa ahadi ya namna hiyo. Mwaka 1986 kazi ya kubuni motokaa ya Kenya ilianza chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1990 motokaa zilizoitwa Nyayo Pioneer zilionyeshwa hadharani zikienda. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini fedha za kuzitengeneza kwa wingi hazikupatikana, na mwaka 1994 shirika lile liligeuzwa kuwa karakana kubwa ya kuchonga vyuma. Wengine huucheka mradi ule. Afadhali wangejifunza. Kutengeneza motokaa moja inayokwenda ni kazi ya mikono hodari, na mikono hiyo tunayo. Kutengeneza motokaa ya elfu ambayo pistoni yake itaingia katika ya kwanza bila kupigwa tupa ni kazi ya nchi iliyojifunza kutunza vipimo kwa miaka mingi, kama walivyofanya watu wa kiwanda kile cha mashine za kufumia nguo, ambao nao walianza kwa kufungua motokaa ya mwingine na kupima.

Yawezekana kwamba miongoni mwa watakaosoma insha hii shuleni Kisii au Nyamira yuko atakayeshika spana, na yuko atakayeshika kalamu ya mhandisi. Mwenye spana atahitaji kitu kidogo ambacho huuzwa kwa bei ya viatu: kipimo cha chuma kinachosoma sehemu za milimeta, pamoja na daftari la kuandikia alichokiona. Mwenye kalamu atahitaji kitu kigumu zaidi kupatikana, nacho ni subira ya kutobadili namba iliyokwisha kuaminiwa na watu. Wakikutana wawili hao, hata kama hawaonani kwa macho, lori litapanda kutoka Daraja Mbili na mzigo wake, nalo litafika.